Nilimpelekea karatasi ya mafuta, akaweka kikombe cha kahawa juu yake

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kidole gumba changu, nitaeleza huko mbele.

Duka lenyewe silitaji. Wa upande huu wa Dallas wanaocheza bolingi watalijua tu, maana mwenyewe hana mfano. Ni duka dogo la mipira ndani ya ukumbi, mashine ya kutobolea matundu nyuma, kaunta mbele, na mzee mmoja wa Kimarekani aliyeamua kwamba mteja ni usumbufu unaoingia na pesa.

Mimi nacheza ligi ya Jumatano usiku. Si ile ligi ya kawaida ambayo ukumbi unamwaga mafuta tele katikati ya leni (ile njia ya mbao ya kubingirishia mpira), pembeni kukavu, mpira ukienda nje unarudi wenyewe na kila mtu anajiona bingwa. Ya kwetu leni zinapakwa pateni, yaani mipangilio ya mafuta, za mashindano, zile zinazokuonyesha umbumbumbu wako bila huruma. Mzunguko ule tuliambiwa tunacheza Cheetah, moja ya zile pateni za PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, zenye majina ya wanyama, na karatasi iliyobandikwa ukumbini ilisema futi 35. Fupi. Nikaipiga chapa, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo dukani.

Kwa asiyejua, leni ina futi 60 kutoka mstari wa faulo, pale unapotupia, hadi pini ya mbele, ya kwanza kati ya zile kumi za kuangusha. Mafuta yakikomea futi 35, zimebaki 25 kavu, na hapo ndipo mpira unapopata pa kushika. Mpira wenye nguvu ukifika pale unageuka utafikiri umeitwa jina. Ndiyo maana wachezaji wana hesabu yao: chukua urefu wa mafuta, toa 31, kinachobaki ndio ubao ambao mpira uwe umefika kabla haujaanza kurudi. Thelathini na tano toa thelathini na moja, nne. Leni ina mbao 39, kwa hiyo ubao wa nne ni kule kando kabisa, mtaro unakukodolea macho, na mpira ukitumbukia humo umepotea. Si msahafu, lakini ni pa kuanzia. Na ukishajua unacheza pale, mpira unaoutaka ni mpole: wa ganda la yurethani, lisiloshika leni sana, au wa rezini (ganda linaloshika) dhaifu yenye uso laini, kitu kisichokurupuka.

Yote haya nilikuwa nayo kichwani nilipoingia. Sikwenda kuomba darasa.

Kilichonifunga ni kwamba wenzangu wa timu walikuwa wamenichangia kadi ya zawadi ya duka lile lile. Watu wamejinyima, huwezi kuwaambia hutaki. Nikafika, nikamsalimia mzee, nikaifungua karatasi juu ya kaunta nikaanza kueleza. Hakuitazama. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, akakishusha pale pale, katikati ya mchoro, tuliii. Akaanza kusema na mimi kwa sauti kubwa, neno moja moja, midomo ikifunguka kama nasoma midomo. Kisa lafudhi yangu. Nimefanya kazi nchi hii miaka, nalipa kodi, naelewa hata utani wao wa baseball, na bado kuna mtu anadhani Kiingereza kikipigwa kelele ndio kinaingia.

Nikamwambia nataka yurethani. Akasema yeye yurethani haweki dukani kwake, ni mipira ya wezi. Haya, naijua hiyo habari: mwaka 2022 USBC, wasimamizi wa bolingi Marekani, iliizuia mipira ya yurethani ya Purple Hammer iliyotengenezwa 2016 na 2017 isitumike kwenye mashindano yake ya taifa, kwa sababu ya ulaini wa ganda. Lakini hiyo ni aina moja, ya miaka miwili! Mtu anauza mipira mwendo mfupi tu kutoka Arlington, yalipo makao makuu ya USBC na makumbusho ya bolingi, halafu anatupa kapuni kila yurethani duniani. Nikauliza, basi hata plastiki? Akacheka. Akasema plastiki ni ya watoto kwenye bethidei.

Hilo neno la bethidei mtalishika, tutarudi.

Akanichagulia yeye. Rezini, ganda la kukwaruza ukiligusa, limepigwa msasa halina mng'ao hata chembe, na moyo wa ndani wa kukufanya ulipe dola mia mbili na ushee. Sifa zake mtazisoma kwenye tovuti ya waliotengeneza, sina haja. Nikamwonyesha tena 35 pale pembeni ya kikombe. Jibu lake: "Mafuta ni mafuta."

Mafuta ni mafuta! Fundi wa miaka yote hiyo!

Jumatano ikafika. Mimi natumia mkono wa kulia. Nikaanza na ubao wa kawaida, mshale wa pili kati ya ile iliyochorwa kwenye leni, mpira ukapotelea upande wa kushoto ukapiga Brooklyn, yaani upande usio wake wa pini ya mbele. Nikasogea nje, mshale wa kwanza, mpira ukafika pale mafuta yanapoishia, ukajikunja, ukaingia usoni kabisa kwa pini ya mbele. Nne, sita, saba na kumi zikasimama. Kubwa nne, mbili kila upande na uwazi katikati. Nikaongeza kasi, zikasimama tena. Nikahamisha miguu kushoto ili niupe mpira nafasi ya kutembea, ndio ukawa unaanza kukata mapema zaidi, maana kule nje ulikofika kulikuwa hakuna mafuta ya kuuzuia. Mchezo wa kwanza 121. Timu pinzani walikuwa watu wa heshima, wakawa wanaangalia simu zao ili wasinitazame.

Kwenye timu yetu kuna mama wa Kikenya, amestaafu unesi, sote tunamwita Shosh. Ana mpira wa yurethani wa zamani, rangi imefifia, na hana haraka na jambo lolote. Akaja akakaa karibu yangu, akaniambia: "Wewe kijana, hiyo mtaro haina meno. Ikaribie." Nikamwambia Shosh, shikamoo, nimeukaribia, tatizo ni hili jitu. Akauangalia mpira wangu mpya, akaugusa kwa kiganja, akatingisha kichwa. "Nani alikuuzia hii ya long oil, ya mafuta marefu?" Kwa kugusa tu! Kiganja kimoja cha Shosh kiliona kile ambacho yule mzee hakuona kwenye karatasi yenye namba.

Akaniambia nitoe mpira wangu wa spea, ule wa kumalizia pini zilizobaki. Wa plastiki. Ule wa bethidei.

Basi nikasimama mguu wa kushoto kwenye ubao wa 12 hivi, nikaulenga mshale wa kwanza, nje yake kidogo, nikautuma moja kwa moja bila kuuzungusha sana kwenye vidole. Ukaenda umebana pembeni, ukafika kwenye ukavu, ukageuka polepole, ukaingia mfukoni, pale kati ya pini ya kwanza na ya tatu. Straiki, zote kumi chini kwa mpigo. Sitadanganya kwamba zote zilikuwa straiki. Plastiki haina nguvu ya kuvunja pini, mara kwa mara unaachiwa ya kumi imesimama inakucheka. Lakini ya kumi peke yake ni spea, unaimaliza kwa mpira wa pili. Nne, sita, saba, kumi si spea, ni msiba. Nikamaliza usiku nikiwa juu ya 180 kwa mpira wa bei ya chakula cha jioni, na ule wa mia mbili na ushee umelala kwenye begi.

Mchezo wa tatu pembeni kulianza kukauka, Shosh akatuambia tuhamishe miguu ubao mmoja mmoja ndani, macho yabaki kule kule nje. Yurethani yake ilikuwa inasukuma mafuta kwenda mbele, hivyo wenye rezini kwenye jozi ile ya leni wakawa wanalia, mipira yao mara inateleza mara inaruka. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini watu wa mafuta mafupi hupenda timu nzima itupe aina moja.

Wiki iliyofuata nikarudi dukani. Kwa adabu kabisa. Nikasema mpira unashika mapema mno, naomba aung'arishe. Hilo hata ukiweza mwenyewe, kwenye mashindano msasa hauruhusiwi ukishaanza kucheza, kwa hiyo bora lifanyike kabla. Akaupokea, akauzungusha mara moja, akasema mbele ya wateja wengine wawili: "Mpira hauna shida. Shida ni aliyeushika." Akacheka peke yake. Wateja wale hawakucheka, nawashukuru. Akaung'arisha, akachaji. Nikautupa Jumatano, na kama kuna anayetaka kujua rezini kali iliyong'arishwa inafanyaje kwenye futi 35, inafanya hivi: kwenye mafuta inateleza kama haitageuka maisha, halafu ikigusa ukavu inachomoka kwa hasira hata hujui itatua wapi. Msasa ulikuwa unakata mapema. Mng'ao unakata kwa kuchelewa na kwa kishindo. Mtaro mara mbili, spliti (pini zilizobaki zimeachana) mara sijui ngapi.

Kwa hiyo nyota moja. Nilitaka kuishia hapa.

Lakini kidole gumba. Miaka yote nacheza na gumba lililochubuka, nafunga plasta, nafunga utepe, nimezoea maumivu nikadhani ndio mchezo. Yule mzee, huyu huyu wa kikombe, alikaa na mkono wangu karibu nusu saa. Akapima nafasi ya vidole, akanikunja gumba, akauliza linaumia wapi (kwa sauti ya kawaida, hata sielewi alikuwa na kitu gani dakika zile), akatoboa, nikajaribu, akasema hapana, akaongeza mwinamo kidogo, akasugua mdomo wa tundu kwa mkono, akaninyooshea tena. Mpira ukatoka mkononi bila kunikwaruza. Tangu siku hiyo sijafunga plasta. Nimepitia maduka mengine mjini hapa, yenye vijana wanaotabasamu na kukupa maji ya baridi, hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo.

Na ule mpira wenyewe, niseme kweli, mzunguko uliofuata tulipowekewa pateni ndefu, mafuta yamepita futi 42, ulikuwa balaa. Niliupenda. Watu wakaniuliza nimeutoa wapi. Sasa mnaona shida yangu? Mzee aliniuzia mpira mzuri sana kwa swali ambalo sikumuuliza. Labda nyota mbili. Hapana, nikikumbuka lile duara la kahawa kwenye karatasi yangu, nusu limepita juu ya namba 35 yenyewe, narudi kwenye moja. Karatasi ninayo bado. Tatu kwa mikono yake, sifuri kwa mdomo wake, mtaigawa wenyewe.

Ushauri kwa anayejiandaa kwa mafuta mafupi: usianze na duka, anza na mpira dhaifu kuliko yote uliyonayo nyumbani, hata kama ni wa spea, ucheze kando hadi ujue leni inasema nini. Ukiona bado unahitaji kununua, tafuta muuzaji anayekuuliza urefu wa mafuta kabla ya kukuuliza una shilingi ngapi. Wapo.

Wiki iliyopita Shosh naye gumba lilianza kuvimba. Akaniuliza langu nilitobolewa wapi. Nilinyamaza kidogo, kisha nikampa anwani. Nimemwambia aende na yurethani yake mkononi, aiweke juu ya kaunta, na kama mzee atathubutu kumwita mwizi anipigie simu niwe nasikiliza.