Studio ya Isevya yenye mashine ya kaseti, kwa wapiga rock wa Tabora

Wadau wa magitaa, ile studio ndogo ya Isevya yenye mashine ya kaseti na kompyuta chumba kimoja tumeshaingia na bendi, na kwa mnaouliza kama inafaa jibu langu ni nendeni, ila mjue kipi mnakirekodi wapi. Wengi wakisikia analogi, yaani kurekodi kwa kanda, wanadhani mashine itawapigia gitaa.

Mashine ni Tascam Portastudio, zile za treki nne (njia nne za sauti, kila moja inarekodiwa peke yake) kwa kaseti ya kawaida, ya kwanza ilitoka 1979 na Bruce Springsteen, mwanarock wa Marekani, alirekodia albamu yake ya Nebraska ya 1982 nyumbani kwake kwa mashine ya ukoo huo. Sasa yule sehemu kubwa ilikuwa gitaa na sauti yake, sisi tuna drams, besi, magitaa mawili na mtu wa kupayuka, treki nne zinaisha hata hujakaa! Prodyuza akasema pigeni wote kwa mpigo, drams treki mbili, besi moja, gitaa la ridhim moja, afu solo na sauti zitaingia kwenye kompyuta. Hapo ndo hela yetu ilipofanya kazi. Snea, ile ngoma kali ya kwenye drams, ukiitandika kanda haipasuki ghafla, inaibana sauti na kuinenepesha, wakati kompyuta ukivuka sifuri ya mita, ndo mwisho wa kipimo cha sauti, inakata kichwa cha wimbi mazima na unabaki na mkwaruzo usiotibika. Ndo maana drams tuliziacha ziguse nyekundu ya mita ya kaseti makusudi. Na kwa vile kwenye kaseti hakuna kukata na kubandika, mtu wetu wa besi aliyezoea "utanirekebishia baadae" alitoka jasho kwelikweli.

Wazee watakwambia mbona bendi ya Tabora Jazz na wenzao walirekodiwa kwa kanda kule RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) na zinasikika safi mpaka leo, sawa, ila zile zilikuwa rili, kanda za magurudumu makubwa, kanda pana na inakimbia zaidi, usilinganishe na kaseti.

Mabaya yapo. Kanda inaenda kasi mara mbili ya redio kaseti ya kawaida na treki nne zinakula pande zote, kwahiyo kaseti ya dakika 60 unapata 15 tu. Ule mvumo wa shhh kwenye intro ya polepole unasikika. Umeme ukakatika katikati ya korasi, wimbo ukadidimia kama ng'ombe anakata roho, laptopu yenyewe ikaendelea na betri bila wasiwasi. Vumbi letu nalo, prodyuza alisafisha hedi, kile kichwa kinachogusa kanda, kwa spiriti mbele yetu na pamba ikatoka kahawia, mwambieni asafishe kabla hamjaanza sio katikati.

Bei ni kwa wimbo sio kwa saa, na inapungua mkiongea vizuri. Sauti ya mwimbaji msihangaike nayo kwenye kanda, ipelekeni kompyuta moja kwa moja. Na nendeni na kaseti zenu mpya, za pale zimeshatumika, sisi kabla hatujarekodi tulikuta kwenye treki moja mahubiri ya mtu yanaenda kinyumenyume kwa kasi, mpiga drams wetu akataka tuyaache humohumo.