Epoksi au silikoni: kuzilinda sehemu jirani kapasita inapopasuka

Epoksi (hukauka ngumu) na silikoni (hubaki laini kama mpira) humwagwa juu ya bodi ya umeme ili kuilinda. Kichwani mwa kapasita ya elektroliti, kopo dogo la kuhifadhi chaji, kuna mikwaruzo ya msalaba au herufi K. Hapo ndipo bati hufunguka kutoa gesi. Ukimwaga epoksi hadi juu, umeziba pumzi: shinikizo hupanda hadi ganda zima lipasuke, na vipande vigumu huruka kwenye nyaya na chipu za jirani. Epoksi inafaa bodi ndogo isiyo na kapasita za aina hiyo, hasa penye mtikisiko.

Silikoni laini hunyumbuka, kwa hiyo hairushi vipande vigumu. Hata hivyo, nayo isifunike kichwa. Acha nafasi ya mm 2 juu ya kapasita yenye kipenyo cha mm 6.3 hadi 16, na mm 3 kwa mm 18 hadi 35. (Mfuniko wa kasha ukigusa kichwa, ni kosa lilelile.) Safisha fluksi (mabaki ya dawa ya kulehemu) kwanza, maana silikoni inayokaushwa kwa kichocheo cha platinamu ikigusa kemikali za salfa au amini, zinazoweza kuwa ndani ya mabaki hayo, hubaki kama uji.

Kwa pawasaplai, chagua silikoni. Varista (kifaa kinachomeza umeme unaopanda ghafla), ambayo ikifa hupiga shoti, itangulizwe na fyuzi ya joto (inayokatika ikipata moto) iliyoigusa. Silikoni peke yake haizimi cheche.