Duka la nafaka Busia: mahindi makavu, mizani ya haki

Nina hoteli ndogo Busia, upande wa Uganda, napikia madereva wa malori posho (ugali) na maharage. Nafaka nachukua kwa mzee mmoja mlokole, nyuma ya soko, na duka lake nalisifu hadharani kwa sababu linastahili.

Ukiulizia mahindi, mzee haanzi na bei. Anachukua chupa ya kioo iliyokauka, anatia mahindi kidogo na chumvi kavu, anatikisa, kisha anakupa uangalie mwenyewe. Chumvi ikishuka yote chini, mzigo umekauka. Ikiganda kwenye kioo, atakwambia, "Mama, haya bado yana maji, yaache." Na hayo ni mahindi yake mwenyewe! Nimemwona akimwambia hivyo mteja aliyeshika pesa mkononi, mteja akavuka barabara akanunua kwa jirani.

Mahindi mabichi yana faida kwa muuzaji, maana maji yana uzito. Wapo wanaoyanyunyizia maji kabla ya kupima. Mle guniani yanaota kuvu, inaingia sumukuvu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hiyo, malori yalikwama hapa mpakani, na mkulima mwaminifu akaumia sawa na mdanganyifu.

Mizani iko mlangoni, uso wake umemwelekea mnunuzi. Jiwe la kilo 5 liko kando. Ukiwa na shaka, lipandishe. Uzito wa gunia tupu unatolewa bila kuomba.

Mwaka jana kijana wake aliniandikia kilo za maharage zaidi ya zile alizopima. Mimi sikugundua. Jioni ile boda ilisimama mlangoni kwangu, kijana akashuka na pesa iliyozidi, akasema, "Mama, nilikosea hesabu, mzee amesema nije nikuombe msamaha mwenyewe."

Mimi nimelelewa na walokole wa zamani, wa ule uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, wa Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church, waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, moto wake ukawaka Gahini, Rwanda. Kwa wazee wale, aliyeokoka alirudisha jembe aliloiba na kumlipa aliyemdhulumu, kama Zakayo. Ushuhuda ulikuja na kitu mkononi. Siku hizi naingia dukani nakuta aya za Biblia ukuta mzima, mahubiri redioni kutwa, na kilo inayouzwa haifiki kilo. Inaniuma sana, kwa sababu anayepunjwa pale ni mama anayenunulia watoto unga wa jioni, na jina linalotukanwa akifika nyumbani ni la Kristo. Kwa mzee huyu hakuna hata aya moja ukutani.

Bei yake iko juu kidogo. Mchele hana, mkopo hampi mgeni, na Jumapili amefunga. Alhamisi mchana pia hayupo, yuko kwenye ushirika wa maombi na walokole wenzake. Nenda asubuhi malori hayajaanza kupakia, ukiwa na magunia yako, maana ya kwake anayauza.