Uzoefu wangu na filta na splita za laini ya simu

Kama intaneti yako ya ADSL (ile inayopita kwenye waya wa simu) na simu ya mezani vinatumia waya mmoja, usikubali kuambiwa kwamba mkwaruzo unaosikika simuni ni kawaida. Si kawaida, na dawa yake ni filta, kifaa kinachoenea kiganjani na kuizuia intaneti isiingie kwenye simu.

Kwetu Upanga laini moja inahudumia simu ya sebuleni, ya chumbani kwa mama, faksi na modemu, yaani kifaa cha intaneti. Fundi alipotuungia intaneti alifunga filta sebuleni tu. Mama akawa hasikilizani na mdogo wake aliyeko Tanga kwa mkwaruzo, na kila simu ikiita, intaneti inakatika.

Sauti ya mtu kwenye simu hupita masafa ya chini, takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400. ADSL huanzia karibu kilohezi 25 na kupanda hadi kama 1,100. Waya unabeba vyote viwili bila shida. Simu ndiyo isiyostahimili masafa ya juu, inayageuza kelele, na ukiinua mkono wake inavuruga mawimbi ya modemu. Filta hupitisha sauti na kuzuia yaliyo juu yake. Kwa hiyo kila simu iwe na filta, pia faksi, hata king'ora cha wezi kinachopiga simu chenyewe. Modemu usiipitishe humo, haitashika laini kabisa.

Nilinunua filta ndogo kwa kila simu na faksi. Mama akapata utulivu siku ileile, na kwa hilo pekee nazisifu. Lakini zinaning'inia ukutani, watoto wanazichomoa, na simu moja tu ikichomekwa tena bila filta, kelele zinarudi.

Splita ndiyo iliyoniridhisha. Inafungwa pale laini inapoingilia nyumbani: tundu moja linakwenda kwenye simu zote, jingine moja kwa moja kwenye modemu. Tangu hapo simu inaita na intaneti inaendelea. Mwenye simu moja au mbili, filta ndogo zinamtosha. Zaidi ya hapo, naona splita ina thamani kuliko gharama ya fundi wa kuifunga.

Kabla ya kununua chochote, chomoa vyote ubaki na simu moja tu, bila modemu. Ikiendelea kukwaruza hata ukibadilisha simu, filta haitasaidia. Ripoti laini ikaguliwe waya wa nje.