Ukaguzi wa unyevu wa nyumba Uingereza: pesa yako inanunua nini?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua huduma: ukaguzi wa unyevu wa nyumba, ule wa kulipia, kama unavyofanywa hapa Uingereza. Wengi mmeuomba, hasa mnaoishi kwenye zile nyumba za safu za matofali za enzi ya Malkia Victoria. Rangi inabanduka, kuvu jeusi linatambaa nyuma ya kabati, watoto wanakohoa baridi nzima. Nyumba yangu ni ya aina hiyo hiyo, na ripoti ninayo hapa mkononi.

Nianze na bei, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Kuna ukaguzi wa bure na wa kulipia. Wa bure hutolewa na kampuni zinazouza tiba: kudunga dawa ukutani, kubandua lipu na kupiga mpya. Mtu anakuja, anagusisha kipimo ukutani, kinalia, anakuandikia makadirio ya maelfu ya pauni. Riziki yake inatokana na kuuza dawa, basi dawa ndiyo atakayoiona. Wa kulipia ni pauni mia kadhaa, kutegemea ukubwa wa nyumba na mji ulipo, na unachonunua ni maoni ya mtu ambaye hapati kitu ukuta wako ukidungwa au usidungwe. Kwa hiyo kabla hajafika, muulize kwenye simu: je, kampuni yenu inafanya na matengenezo? Muulize pia kama ni mwanachama wa RICS, chama cha wapima na wakaguzi wa majengo, au ana cheti kinachotambuliwa na PCA, chama cha wanaoshughulikia unyevu na utunzaji wa majengo, na kama amezoea nyumba za zamani. Ila jueni kwamba PCA ina wanachama wengi wakandarasi, kwa hiyo swali la kwanza bado lina nafasi yake.

Siku ya ukaguzi, angalieni anaanzia wapi. Wangu hakuingia ndani. Alizunguka nje kwanza, akaangalia mifereji ya paa, kisha akapiga magoti nyuma ya jikoni. Nawasogezea kamera hapa. Mnaona ule ukijani unaoshuka kando ya bomba la maji ya mvua? Kiungo cha bomba kimeachia, kila mvua ikinyesha maji yanapita juu ya tofali. Sasa shukeni chini. Mtu aliyekaa humu kabla yetu aliweka vigae vya uani akainua kimo mpaka DPC ikafukiwa. DPC wengi mnaijua kutoka kwa mafundi wa nyumbani, lile tabaka la juu ya msingi linalozuia maji ya ardhini yasipande. Inatakiwa iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Yangu iko chini ya vigae. Na tundu la kupitisha hewa chini ya sakafu ya mbao limezibwa na udongo.

Akanionyesha pia saruji ngumu iliyojazwa kwenye viungo vya matofali, wakati ukuta ulijengwa kwa chokaa. Chokaa huachia unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani. Walioishi Mji Mkongwe Zanzibar wameyaona haya kwenye kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji. Tatizo ni lile lile.

Ndani sasa. Kipimo chenye sindano mbili ndicho kila mtu anachokijua, na ndicho kinachodanganya zaidi kikiachwa peke yake. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na namba zake zimepangwa kwa ajili ya mbao. Kwenye mbao zisikilize: zaidi ya asilimia 20, hatari ya kuoza imeanza. Kwenye lipu namba hiyo inakusaidia tu kulinganisha sehemu na sehemu. Ukuta wenye chumvi utakipandisha hata kama hakuna bomba linalovuja wala maji yanayopanda. Kwangu kililia mno kando ya bomba la moshi la zamani, mahali palipochomwa makaa ya mawe kwa miaka mingi. Masizi yale yameacha chumvi ukutani, na chumvi inavuta unyevu wa hewani. Mwenye haraka angeniuzia dawa ya kudunga pale.

Kilichonifanya niridhike na malipo ni hatua iliyofuata. Alitoboa tundu dogo, akakusanya vumbi la tofali, akapima gramu chache, akalitia kwenye chupa ya chuma pamoja na unga wa kabaidi. Kabaidi ni ile ile ya wachomeleaji, na ya wachuuzi wanaoivishia maembe. Ikikutana na maji inatoa gesi, gesi inasukuma mshale wa kipimo kitakoni mwa chupa, na hapo unasoma kiasi halisi cha maji ndani ya tofali. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeloa kwelikweli. Wa bomba la moshi ulikuwa karibu mkavu.

Chumba cha watoto kilikuwa na kisa kingine kabisa. Hewa ilikuwa nyuzi 20, unyevu asilimia 60. Hewa ya namna hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 12 mvuke unageuka maji. Kona ya nyuma ya kabati ilisoma 11. Dawa ya pale ni joto la kutosha, feni ya bafuni inayovuta sawasawa, na kabati lisogezwe mbali na ukuta.

Ripoti nzuri ina picha, ramani ya nyumba yenye vipimo, chanzo cha kila doa, na mpangilio wa kazi: ipi kwanza, ipi ingoje. Yangu ina yote hayo. Kasoro ninayoiona ni kwamba hakuinua zulia wala ubao wa sakafu, kwa hiyo mbao za chini ameziachia sentensi moja ya tahadhari. Mnaotaka sakafu ifunguliwe, semeni mapema na mkubaliane bei.

Mnaopanga nyumba za halmashauri au mashirika ya makazi England, msitoe pesa zenu kwanza. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, alifariki Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu lililokuwa nyumbani kwao. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025: hatari kubwa ya unyevu na kuvu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Ripotini kwa maandishi, mpige picha, mtunze tarehe.

Kwa aliyenunua nyumba ya zamani, mimi naupendekeza ukaguzi wa kulipia bila kusita, kwa masharti niliyoyataja. Baada ya kurekebisha bomba na kushusha vigae, msikimbilie rangi. Ukuta hukauka kwa kadirio la mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na wangu una 225. Kwa hiyo jikoni nimeuacha wazi, bila rangi, mpaka atakapokuja kuupima tena.