Kupimiwa nyaya za stima kwenye nyumba ya zamani Nakuru: uzoefu wangu

Fundi niliyemlipa kukagua stima ya nyumba ya mama hapa Milimani, Nakuru, alistahili pesa yake, na kazi iliyostahili zaidi ni ile watu wengi hawapendi kuilipia: kupima. Kubadilisha soketi kila mtu mtaani anadai anajua.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya tangu enzi za wakoloni, na nyaya zake za kwanza zimepitishwa ndani ya paipu za chuma. Kila aliyeishi humo baadaye ameongeza lake. Kuna aliyepanua jikoni, kuna aliyevuta stima hadi chumba cha nyuma, na mwingine akafunga shawa ya kupasha maji bafuni. Wapangaji walianza kusema kwamba bomba la bafu "linatekenya" ukilishika na mikono mibichi. Hilo likatosha. Kenya Power huishia kwenye mita, kwa hiyo ya ndani ni juu yako. Nikatafuta mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na nikaomba niione kabla hajafungua skrubu hata moja. Hakukasirika, nami nikapata imani naye.

Jikoni soketi zote zina matundu matatu, safi kabisa kwa macho. Alichomeka kile kipimaji kidogo chenye taa tatu, nacho kikaonyesha kila kitu kiko sawa. Mimi ningemlipa nimwache aende. Yeye akazima stima, akafungua soketi ya friji, akaniita. "Mama, njoo uone hii." Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, na kipande kifupi kimetoka kwenye nyutro (waya wa kurudisha stima) kikaingizwa mahali pa ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini stima iliyovuja). Mtu alitaka kipimaji kiridhike. Hatari yake ni hii: siku nyutro ikikatika au ikilegea nyuma ya hapo, mwili mzima wa friji unabeba volti 240, na atakayeushika ndiye atakayekuwa njia ya stima kurudi ardhini.

Ethi ya zamani ilienda wapi? Ilikuwa ni zile paipu za chuma zenyewe, na mwisho wake ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Kwa wakati ule ulikuwa mpango wa maana. Lakini jikoni ilipopanuliwa walitumia paipu za plastiki, kwa hiyo ethi ikakatikia ukutani. Baadaye mabomba ya maji nayo yakabadilishwa kuwa ya plastiki, na hata upande uliobaki mzima ukawa hauendi popote. Hakuna aliyefanya ubaya. Fundi wa bomba alifanya kazi ya bomba, fundi wa mjengo akafanya ya mjengo.

Rangi za nyaya ni kisa kingine. Darini kuna nyekundu na nyeusi za zamani, zimeungwa na kahawia na buluu za sasa. Kwa mfumo wa Uingereza tuliourithi, nyeusi ilikuwa nyutro na buluu ilikuwa mojawapo ya laivu, nyaya zinazoleta stima, kwenye stima ya fezi tatu yenye laivu tatu. Siku hizi buluu ndiyo nyutro, na nyeusi inaweza kuwa laivu. Uingereza kwenyewe rangi mpya zimekuwa lazima kwa kazi mpya tangu 2006, ila waya uliozikwa ukutani haujui sheria imebadilika. Fundi wangu hakuamini rangi yoyote. Alipima kila unganisho, kisha akavisha ncha utepe wa rangi sahihi. Kwenye taa ya sebuleni, mpira wa waya ulimomonyoka vidoleni mwake kama mkate mkavu, kwa sababu ya joto la balbu la miaka mingi.

Kazi aliyofanya: alivuta waya wa ethi mpya, wa kijani na manjano, hadi kila soketi ya jikoni na bafuni, akaipa shawa laini yake peke yake yenye waya mnene, na akafunga RCCB ya miliampea 30. Hicho kifaa hulinganisha stima inayotoka na inayorudi, na zikitofautiana kinakata. Kilikata mara tu alipokiwasha. Kumbe taa za korido zilikuwa zimeazima nyutro ya saketi nyingine, kwa hiyo stima yao ilikuwa inarudi kwa njia isiyo yake. Kulitafuta hilo kulimla muda mwingi kuliko kazi nyingine yoyote, na hakuniongezea bei.

Rodi ya ethi, ule mti wa chuma unaopigiliwa ardhini, ndiyo iliyotusumbua. Udongo wetu huu wa majivu ya volkeno hupitisha maji haraka na kukauka, na udongo mkavu haupitishi stima vizuri. Rodi ya kwanza ilisoma vibaya. Jirani akashauri tumwage chumvi na makaa. Fundi akakataa: chumvi husombwa na mvua, na inayobaki inakula chuma. Akapigilia rodi ya pili mbali na ya kwanza, akaziunganisha, akapima tena hadi akaridhika. Tulikuwa wakati wa kiangazi, na nilipenda hivyo, maana kipimo cha msimu wa mvua kingetudanganya.

Malalamiko ninayo. Alichelewa mara nyingi bila kupiga simu. Mitaro aliyochimba ukutani aliijaza saruji akaiacha hivyo hivyo, na vumbi lilifika hadi ndani ya sufuria. Bei ya waya ilipanda katikati ya kazi, na ilibidi nidai risiti za duka ndipo tukaelewana. Pia nyaya za mpira za vyumba vya kulala bado ziko, kwa kuwa pesa iliishia jikoni na bafuni. Aliziandika kwenye ripoti kuwa zibadilishwe na akanikataza kuning'iniza taa nzito huko.

Nampa nyota nne. Ukimwita fundi kwa nyumba ya aina hii, muulize kwanza ana mashine ya kupima ethi na ya kupima uvujaji wa nyaya, na mwambie akuandikie namba alizosoma. Akikuonyesha tesita ya bisibisi pekee, mpe chai aende zake.