Foili chini ya bati, rangi nyeupe juu yake: uzoefu wangu katika nyumba ya Segerea

Nyumba yetu iko Segerea, Dar es Salaam, na haina jambo la pekee: vyumba vitatu vya kulala, kuta za tofali za bloku, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma, na bati la rangi ya maruni tulilolikuta tuliponunua. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la nje linapofika nyuzi 32 mchana, ndani kulikuwa hakukaliki bila AC, na kwa kuwa AC zetu mbili ni za zamani zisizo za inverta (zile zinazopunguza kasi ya kompresa ili kuokoa umeme), tokeni za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zinakwisha kabla mwezi haujafika katikati. Naeleza hapa kazi tuliyoifanya ili kupunguza joto hilo bila kuongeza umeme, yaani kuweka foili ya kuzuia joto darini, kufungua njia za hewa na kupaka paa rangi nyeupe. Kuna kilichofanya kazi kupita nilivyotarajia, na kuna ambacho kama ningeanza upya ningekiacha kisubiri.

Tulianza na paa kwa sababu ya mahali tulipo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na paa ndilo linalobeba mzigo wake kuliko ukuta wowote. Bati la rangi iliyokoza hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mchana wa Januari niliazima kipimajoto cha mfano wa bastola kutoka kwa fundi majokofu wa mtaani kwetu, nikakielekeza kwenye bati, kikasoma zaidi ya nyuzi 60. Dari ya jipsamu chumbani, kwa upande wa ndani, ilisoma 41, na ukiinyanyulia kiganja bila kuigusa ulihisi joto likishuka kama la pasi iliyowashwa. Joto hilo halishuki kwa hewa, kwa maana hewa ya moto hupanda. Hushuka kwa miale kutoka kwenye bati, huifikia dari, nayo dari huitoa upya kwa aliyelala kitandani. Ndiyo maana feni peke yake haikutusaidia sana. Ndiyo maana pia sikukubaliana na ushauri wa kufunga sola kwanza, kwani kuongeza chanzo cha umeme ili kuendesha AC chini ya paa la namna hiyo ni kutia maji kwenye pakacha.

Foili tuliyonunua ni ile inayouzwa kwa roli katika maduka ya vifaa vya ujenzi, yenye alumini upande mmoja na karatasi ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi upande wa pili. Kazi yake haifanani na ya godoro au pamba. Alumini inayong'aa hurudisha karibu miale yote ya joto inayoifikia, na yenyewe hutoa miale kidogo mno, lakini sifa hizo mbili hupatikana iwapo tu upande unaong'aa unatazamana na nafasi ya hewa. Ukiibandika ikagusana na kitu, joto hupita kwa kugusana na fedha yako imepotea. Vumbi nalo huiua taratibu, kwa hiyo upande unaong'aa unapaswa kutazama chini, ambako vumbi haliwezi kutua.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Mafundi wa kwanza, waliokuja wakijitangaza kuwa wataalamu wa vizuia joto, waliingia kupitia mlango wa dari, wakaitandaza foili juu ya jipsamu kama mkeka, upande unaong'aa ukiwa juu, kisha wakashuka wakidai malipo. Ni kazi rahisi kwao kwa sababu hawakulazimika kujikunja chini ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, katika joto lile. Kwa mwenye nyumba ina kasoro mbili. Ya kwanza ni vumbi, ambalo kwa barabara yetu ya udongo lingeifunika foili ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Ya pili ni ya hatari: nyaya za taa zimelala juu ya dari hiyohiyo, nyingine bila bomba la kuzilinda, na alumini hupitisha umeme. Australia ilijifunza jambo hili kwa gharama ya maisha, pale mpango wa serikali wa kuwekea nyumba vizuia joto uliposimamishwa mwaka 2010 baada ya vifo vya mafundi vijana, wakiwamo waliopigwa na umeme walipokuwa wakishikiza foili kwa pini za chuma juu ya dari zenye nyaya. Niligoma kumalizia malipo mpaka foili yote itolewe. Ilitolewa, baada ya maneno mengi.

Mafundi wa pili walikuwa seremala wawili wa kupaua ambao hawakuwahi kufanya kazi hii, lakini walikuwa wasikivu. Kwanza nilimwita fundi umeme aingize nyaya zote za darini kwenye mabomba ya plastiki, na wakati kazi ikiendelea swichi kuu ilizimwa. Kisha wakaishikiza foili chini ya mbao za kenchi zinazofuata mteremko wa paa, ikabaki nafasi ya upana wa kiganja kati yake na bati, na upande unaong'aa ukitazama chini kuelekea darini. Walifanya kazi alfajiri na kuacha kabla ya saa nne asubuhi, maana baada ya hapo mle ndani hakuna mtu anayeweza kukaa kwa usalama. Nilipanda kukagua kwa tochi. Mikunjo ilikuwapo na maungio mawili yalikuwa yamelegea, wakayarekebisha, lakini hakuna mahali ambapo foili iligusa bati.

Nafasi ile kati ya foili na bati inahitaji pumzi. Chini ya mapaa tulikuwa na dari ya nje iliyozibwa kabisa, kwa hiyo tulitoboa matundu marefu pande zinazopokea kusi na kaskazi, tukayafunika kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu huo usiuchukulie kama pambo. Bila wavu utawakaribisha popo, na harufu ya mkojo wa popo darini ni tatizo kubwa kuliko joto. Juu, chini ya kofia ya paa, kulikuwa tayari na upenyo wa migongo ya bati, na foili iliishia kidogo kabla ya kufika kileleni ili hewa ya moto itokee hapo. Kazi hii ndogo iligharimu kidogo kuliko zote, na siioni katika nyumba nyingi zinazojengwa sasa.

Matokeo ya foili na matundu niliyapima kabla ya kugusa rangi. Siku yenye jua kama lile la mwanzo, na kwa kipimajoto kilekile, dari ya jipsamu ilisoma nyuzi 35. Tofauti ya nyuzi sita inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini sasa feni ya dari inatosha mchana, na usiku AC huwashwa saa chache katika miezi ya joto kali badala ya kuunguruma hadi alfajiri.

Kwa upande wa fedha, sisi ni wateja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, ambao kwa bei iliyopangwa mwaka 2016 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inakuwa kama 356. AC moja ya zamani ya ukubwa wa 12,000 BTU hula karibu kilowati moja kompresa ikiwa inafanya kazi. Tukikadiria kwamba kompresa inafanya kazi nusu ya muda, kwa muda wa saa nane kila usiku AC moja hula uniti nne, na AC mbili kwa mwezi mzima ni karibu shilingi 85,000. Gharama ya foili pamoja na ufundi, ukiacha hasara ya mafundi wa kwanza, haikufika bei ya AC moja mpya ya inverta. Anayetaka kuhakikisha mwenyewe kifaa kinakula nini aitazame taa nyekundu ya mita: yangu imeandikwa kwamba hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti, kwa hiyo kilowati moja huifanya ipepese kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi, na feni peke yake huifanya itulie mpaka udhani imezimika.

Rangi nyeupe ya paa naisifu kwa tahadhari. Ikiwa mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya mwanga wa jua, na bati lenyewe lilipoa kiasi cha kuweza kuliwekea mkono mchana. Tatizo ni kwamba Segerea ina vumbi jekundu, na kufikia mwisho wa kiangazi weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Masika huisafisha kwa kiasi, ila sehemu zenye kivuli cha mwembe wa jirani huota kuvu nyeusi zinazohitaji brashi. Wanaokinga maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani wamuulize muuzaji kama rangi hiyo inafaa, na wayaache maji ya mvua za kwanza yapite. Tayari tukiwa na foili, nafuu iliyoongezwa na rangi ilikuwa ndogo kuliko bei yake. Kwa nyumba isiyo na nafasi ya kuingia darini ningeanza nayo.

Kilichobaki ni dirisha la sebule la upande wa magharibi. Madirisha ya kusukuma hufunguka nusu tu, wavu wa mbu hupunguza upepo zaidi, na upenu hausaidii jua la saa kumi linapoingia kwa mlalo. Pazia la ndani ni bure, kwa kuwa joto limeshapita kioo. Tumeagiza kwa seremala vizuia jua vya mbao vya kufunga kwa nje, vya mtindo wa madirisha ya zamani ya Kariakoo, na kabla ya kumpa malipo ya awali nimemwomba avipimie nje ya nondo, ili viweze kufungwa jua likiwa kali huku kioo kikiwa wazi.